Jinsi ya kumsaidia mwanajeshi mstaafu anayefikiria kujiua: mwongozo kamili hatua kwa hatua

Kama unasoma hii na mtu wako yuko chumba cha pili na ameshasema anataka kufa, usisome yote. Nenda ukakae naye, usimwache peke yake hata dakika tano, silaha na dawa zitoke humo ndani, piga namba ya dharura ya nchi uliyopo au mpeleke hospitali yoyote iliyo karibu inayopokea wagonjwa wa dharura. Haya mengine utayasoma kesho.

Kwa wengine wote, tuanze taratibu.

Kaka yangu mkubwa alitoka jeshini baada ya miaka mingi ya utumishi na sisi nyumbani tulifurahi kweli, tulijua hatari imeisha, karudi mzima, miguu yote ipo. Kumbe ule mwaka wa kwanza nyumbani ndo ulikuwa mgumu kuliko mingi aliyoipitia kazini. Hakuwa analia wala kupiga kelele. Alikuwa halali. Ukiamka saa tisa usiku kunywa maji unamkuta sebuleni gizani, kiti amekigeuza mgongo uko ukutani na macho yako mlangoni, chai mkononi imeshapoa, na buti zake zile za kazini zimepigwa rangi zinang'aa zimepangwa pembeni kama vile kuna paredi asubuhi. Mimi nilipita nikamwambia "kaka nenda kalale" nikarudi kitandani. Nilifanya hivyo miezi kadhaa na najutia kila usiku mmojawapo, kwaiyo haya ninayoandika hapa ni yale ambayo natamani mtu angenikalisha chini akanieleza mapema.

Hatua ya kwanza: elewa nini kinamuua mtu huyu

Watu wengi wanadhani ni vita tu, kwamba aliona maiti ndo maana. Vita vinachangia ndio, lakini kuna wanajeshi wengi waliojiua ambao hawakuwahi hata kupelekwa mstari wa mbele. Unachotakiwa kukiona ni mambo yanavyorundikana. Mtu amezoea kuamshwa, kupangiwa, kuwa na kikosi, kuitwa kwa cheo chake, alafu siku moja anakabidhi vifaa anasaini karatasi na kesho yake hamna anayemhitaji saa kumi na moja alfajiri. Ongeza maumivu ya mgongo na magoti ambayo hayaishi, ongeza kichwa kilichotikiswa na milipuko, ongeza usingizi uliokimbia, pombe ya kujilazimisha kulala, madeni, ndoa inayoyumba. Na kuna kile kinachoitwa jeraha la dhamiri, yaani mtu alifanya kitu, au alishindwa kuzuia kitu, au aliamrishwa kitu ambacho roho yake hadi leo haijakubali, na hilo halitoki kwa kumwambia "ulikuwa unatekeleza amri tu".

Hili siyo jambo jipya wala siyo udhaifu wa vijana wa siku hizi. Kwenye Vita ya Kwanza ya Dunia madaktari waliliita mshtuko wa makombora, na daktari Charles Myers aliandika kuhusu wagonjwa hao mwaka 1915. Ilichukua mpaka mwaka 1980 ndo ugonjwa wa kiwewe, huu unaoitwa PTSD, ukaingizwa rasmi kwenye kitabu cha uchunguzi cha madaktari wa akili wa Marekani, na kilichosukuma sana ni wanajeshi waliorudi kutoka Vietnam.

Mwanasaikolojia Thomas Joiner alieleza mwaka 2005 kwamba hatari inakuwa kubwa vitu vitatu vinapokutana: mtu kujiona mzigo kwa wenzake, kujiona hana mahali anapohusika, na kuwa ameshazoea maumivu na kifo kiasi kwamba ile hofu inayowazuia watu wengine kwake imepungua. Hicho cha tatu askari anafundishwa kazini, na ndo maana mimi nasema mwanajeshi akikwambia amechoka kuishi usimpime kwa kipimo cha mtu wa kawaida.

Hatua ya pili: ziangalie dalili zilivyo kweli

Kuna zile zinazojulikana: kujitenga, hasira za ghafla, kunywa sana, kuendesha gari kama hajali. Lakini zile za kimya ndo zinatupita. Anaanza kugawa vitu vyake. Kaka yangu alimpa mtoto wangu saa yake ya mkononi aliyovaa miaka yote, mimi nikaona ni upendo wa baba mkubwa. Anapanga makaratasi, hati, nani arithi nini. Anapigia simu watu wa zamani ambao hajaongea nao miaka, anaomba msamaha. Anasema maneno kama "nimekuwa mzigo humu ndani" au "mtakaa vizuri tu hata nisipokuwepo". Anaitoa silaha usiku kuisafisha wakati hamna sababu.

Na hii naomba uishike sana: mtu aliyekuwa chini wiki nzima akaamka ghafla ametulia, anacheka, mwepesi, na hamna chochote kilichobadilika kwenye maisha yake, usishangilie haraka. Wakati mwingine utulivu ule ni kwa sababu ameshaamua. Mkalie karibu siku hiyo hiyo.

Hatua ya tatu: muulize, kwa neno lenyewe

Hapa ndo wengi tunakwama. Tunaogopa kwamba ukitaja kujiua utampa wazo. Hapana. Utafiti umefanyika mara nyingi na haujaonyesha kwamba kuuliza kunaongeza mawazo hayo, na wengi wanasikia nafuu kwamba hatimaye kuna mtu amelitamka.

Usimuulize mbele za watu wala usimkalishe mezani uso kwa uso kama mahojiano ya polisi. Wanaume hawa wanaongea vizuri mkiwa ubavu kwa ubavu, kwenye gari, mkitembea, mkitengeneza kitu. Mimi nilimuuliza kaka tukiwa tunabadilisha tairi, mikono yetu yote ina grisi, nikamwambia hivi: "Kaka, naona hulali, saa umeigawa, juzi umesema tutakaa vizuri bila wewe. Nakuuliza na nataka jibu la kweli, unafikiria kujiua?" Alinyamaza muda mrefu. Akaendelea kukaza nati moja ile ile ambayo ilishakaza. Alafu akasema, "Mdogo wangu, kila siku."

Angalia jinsi ya kuuliza. Usiseme "wewe huwezi kufikiria ule ujinga, si ndio?" manake hapo umeshamjibia, atakwambia hapana mlimalize. Usianze na dini, usianze na watoto, usimwambie anajipenda peke yake. Anayatambua yote hayo na ndo yanamtafuna. Akikujibu ndiyo, kazi yako ya kwanza ni kutoshtuka. Mwambie "asante kwa kuniambia" na unyamaze usikilize.

Baada ya hapo kuna maswali ya kujua hatari imefika wapi. Chuo kikuu cha Columbia walitengeneza kipimo cha maswali sita ambacho hata mtu asiye daktari anaweza kutumia, na kwa lugha yetu yanaenda hivi: Umewahi kutamani ulale usiamke? Umefikiria kujiua? Umefikiria utafanyaje? Una nia ya kweli ya kutekeleza? Umeanza kupanga namna na lini? Umewahi kufanya chochote au kuanza kujiandaa, na je ni ndani ya miezi mitatu hii? Akikubali kuwa ana nia, ana mpango, au amefanya kitu hivi karibuni, hiyo ni dharura ya leo, siyo ya kusubiri miadi ya wiki ijayo.

Hatua ya nne: weka umbali kati yake na silaha

Kama utachukua kitu kimoja tu kwenye mwongozo huu chukua hiki. Mawimbi ya kutaka kufa yanapanda na kushuka. Waliohojiwa baada ya kunusurika kwenye utafiti mmoja wa Austria, karibu nusu walisema toka wazo lije siku ile mpaka kufanya kitendo zilipita dakika kumi au chini ya hapo. Dakika kumi! Na wanaonusurika, takribani tisa kati ya kumi hawafi kwa kujiua baadaye. Yani mtu akivushwa kwenye lile wimbi ana nafasi kubwa sana ya kuishi. Shida ni kwamba jaribio la silaha ya moto linaua takriban mara tisa katika kumi, hamna nafasi ya kujuta. Marekani mwaka 2022 walijiua maveterani, yaani wanajeshi wa zamani, 6,407, na zaidi ya saba kati ya kila kumi walitumia silaha ya moto.

Jeshi la Israeli mwaka 2006 lilifanya kitu kimoja rahisi tu, likaagiza askari wengi waache bunduki kambini wanapokwenda nyumbani wikiendi. Vifo vya kujiua vikashuka kwa asilimia kama 40, na vilivyopungua hasa ni vile vya wikiendi. Wikiendi bunduki ilikuwa mbali.

Sasa unamwambiaje mtu ambaye silaha ni sehemu ya nafsi yake? Usimnyang'anye kwa hila, ukiiba bunduki yake umevunja uaminifu na anaweza kupata nyingine. Ongea naye kwa lugha yake. Mimi nilimwambia kaka, "Zamu yako ya lindo umekesha sana, nipe mimi funguo mpaka upone, ukipona nakukabidhi." Alielewa kwa sababu kupokezana lindo ni kitu anachokijua. Kilicho bora ni silaha itoke kabisa ndani ya nyumba, ikahifadhiwe kwa utaratibu unaokubalika kisheria pale mlipo, kwenye ghala lenye leseni au kituo husika, ulizieni kwanza kabla ya kumkabidhi mtu. Ikishindikana, itolewe risasi, ifungiwe, risasi zifungiwe sehemu nyingine na funguo akae nazo mtu ambaye haishi humo. Yeye mwenyewe asijue zilipo.

Dawa vilevile, hasa za maumivu na za usingizi. Mwombe daktari aandike za wiki moja moja badala ya mwezi, zilizobaki za zamani zirudishwe famasi. Na pombe, manake pombe inazifupisha zile dakika kumi.

Hatua ya tano: andikeni mpango wa usalama

Kuna watu wanamwapisha mgonjwa, "niahidi hutojiua". Acha. Hiyo ahadi haijaonekana kuzuia kitu, inamfanya tu akufiche kesho akizidiwa. Kinachosaidia ni mpango ulioandikwa, wa aina waliyoitengeneza Barbara Stanley na Gregory Brown. Utafiti wao uliotoka mwaka 2018 uliangalia maveterani 1,640 waliofika vitengo vya dharura vya hospitali zao huko Marekani, waliopewa mpango huu na kupigiwa simu za ufuatiliaji walikuwa na matukio ya kutaka kujidhuru pungufu kwa asilimia 45 hivi ndani ya miezi sita kulinganisha na waliopata huduma ya kawaida.

Chukueni karatasi moja, aandike yeye kwa mkono wake, kwa maneno yake. Kwanza, dalili zangu kwamba wimbi linakuja, na ziwe mahususi, siyo "nikiwa na huzuni". Kaka aliandika "nikianza kuhesabu milango ya nyumba". Pili, vitu ninavyoweza kufanya peke yangu vikanitoa pale, kuoga maji ya baridi, kutembea, kufumua redio na kuiunga upya. Tatu, watu na sehemu za kunisahaulisha mawazo hayo hata bila kuwaambia kinachonisumbua. Nne, watu ninaowaambia waziwazi nimezidiwa, majina na namba, na watu hao wawe wameulizwa na wamekubali. Tano, wataalamu na namba za dharura. Sita, jinsi tulivyoweka nyumba salama, hayo ya hatua ya nne.

Kipengele cha nne jitahidi apatikane mwenzake aliyetumikia naye. Sisi ndugu tunampenda lakini kuna vitu yeye hatuambii. Mwenzake mmoja wa kikosi anaweza kumpigia akamwambia "afande, ripoti" na akajibiwa ukweli ambao mke hajausikia miaka miwili.

Karatasi ikiisha ipigwe picha, iwe kwenye simu yake, yako, na kopi kwenye pochi.

Hatua ya sita: usiku wenyewe ukifika

Kaa naye. Ongea kidogo, sauti ya chini, usimshike ghafla wala usimzibie mlango kwa mwili wako, mtu mwenye kiwewe akizibiwa njia anaweza kupambana. Kama ameshika silaha usijaribu kumpokonya, toa watoto, toka ukae sehemu salama na uite msaada, na unapopiga simu sema wazi kwamba ni mwanajeshi wa zamani, ana silaha, yuko kwenye hali ya kutaka kujiua, ili wanaokuja wasije kwa kukurupuka.

Marekani wanapiga 988 kisha wanabonyeza 1, laini ya maveterani iliyoanza mwaka 2007, na toka Januari 2023 veterani aliye kwenye hali hii anaweza kutibiwa dharura hospitali ya karibu bila kulipa, mradi awe na sifa zilizowekwa. Uingereza Samaritans wanapatikana 116 123 masaa yote. Kanada ni 988. Australia familia na maveterani wanapiga Open Arms, 1800 011 046. Ukiwa nchi nyingine tafuta leo namba zake na uzihifadhi kabla hujazihitaji. Nchi kadhaa kujaribu kujiua bado ni kosa kisheria na watu wanaogopa kwenda hospitali kwa sababu hiyo, mimi ushauri wangu nenda tu, eleza kuwa ni mgonjwa anayehitaji daktari, mengine yatafuata akiwa hai.

Hatua ya saba: matibabu yenyewe

Siku ya kwanza ya kliniki tuliyokwenda, mpokezi alimuuliza kaka tatizo lake kwa sauti foleni nzima ikasikia. Kaka aligeuka akatoka. Nikamkimbilia mpaka getini. Toka siku hiyo nimejifunza kwenda na karatasi: usingizi saa ngapi, ndoto mara ngapi, pombe kiasi gani, dawa gani anatumia, mlipuko upi ulimpata, na neno "anafikiria kujiua" limeandikwa juu kabisa. Unaikabidhi tu, humlazimishi kusema mbele ya dirisha.

Kwa kiwewe, tiba yenye ushahidi mkubwa ni ya mazungumzo yenye mpangilio. Ipo ya kulikabili tukio taratibu, iliyotengenezwa na Edna Foa, huwa ni vikao 8 mpaka 15 vya kama saa moja na nusu. Ipo ya kupekua yale mawazo yaliyoganda kama "ni mimi niliyemuua mwenzangu", ya Patricia Resick, vikao 12 hivi. Ipo pia ya kutumia mwendo wa macho, EMDR. Mwambie mapema kwamba wiki za mwanzo anaweza kujisikia vibaya zaidi, watu wengi wanaacha hapo. Kwa dawa, sertraline, paroxetine na venlafaxine ndo zinazopendekezwa sana, zinachukua wiki kadhaa kufanya kazi na haziachwi ghafla bila daktari. Zile za kutuliza za familia ya diazepam hazishauriwi kwa kiwewe hata kama zinampa usingizi wa haraka.

Usingizi utibiwe kama ugonjwa wenyewe, pombe nayo itibiwe sambamba, msikubali kuambiwa "aache pombe kwanza ndo aje". Na mtaalamu wa kwanza asipoendana naye mbadilisheni. Wa kaka aliyemfaa alikuwa wa tatu.

Wewe unayemhudumia, lala. Tafuta wa kupokezana naye, na umpate mtu wako wa kuongea naye ambaye siyo yeye.

Hatua ya nane: akitoka wodini

Familia nyingi zinapumua mgonjwa akiruhusiwa, wakati zile siku na wiki za mwanzo baada ya kutoka wodi ya akili ndo za hatari kubwa kabisa. Kabla hajatoka hakikisha ana miadi ya ndani ya siku saba na kuna mtu wa kumpigia ndani ya siku tatu. Nyumba iwe imeshakaguliwa upya, silaha isirudi kwa sababu tu daktari amesema ana nafuu.

Alafu kuna hii ambayo naipenda kuliko zote kwa sababu haihitaji hela wala utaalamu. Daktari Jerome Motto wa San Francisco alitumikia jeshi kwenye Vita ya Pili ya Dunia, na barua alizokuwa akitumiwa kipindi hicho zilimkaa moyoni. Baadaye akawachukua wagonjwa 843 waliokuwa wamelazwa na hawakuendelea na matibabu, karibu nusu yao wakawa wanaandikiwa barua fupi za kuwajulia hali tu, hamna kuulizwa dawa, hamna kudaiwa chochote. Walioandikiwa walikufa kwa kujiua wachache zaidi, hasa miaka miwili ya mwanzo. Ratiba yake ilikuwa kila mwezi kwa miezi minne, kisha kila miezi miwili kwa miezi minane, kisha kila miezi mitatu kwa miaka minne.

Mimi naifuata hiyo hiyo kwa meseji, nimeiweka kwenye kalenda ya simu inanikumbusha. Ya mwezi huu niliandika: "Kaka, nimepita dukani nimeona redio mbovu ya mfano wa ile yako nikakukumbuka. Siyo lazima unijibu." Hakunijibu siku mbili. Siku ya tatu usiku ikaingia: "Inunue, niletee."